Mrithi Ametulia

Mtaa ule ulikuwa na shule mbili, kituo cha polisi na ofisi nzima ya ustawi wa jamii, lakini mzazi aliyesumbuliwa na mtoto hakuhangaika kwenda huko kote. Alikwenda kunyoa. Saluni, kwenye kiti cha kwanza karibu na dirisha, alimkuta kinyozi ambaye wateja walimwita Profesa, na kabla povu halijakauka kidevuni alikuwa ameshaambiwa mwanawe ana tatizo gani, lilianza lini, na ni kwa nini kosa ni la mama yake.

Profesa hakusomea malezi, wala utabibu, wala kitu kingine chochote chenye cheti. Alikuwa na miaka thelathini na minne ya kushika vichwa vya watu, na kwa maoni yake hiyo ilimtosha. Alidai kwamba kichwa hakidanganyi. Akipitisha kidole nyuma ya sikio alijua huyu amegombana na mkewe, huyu hajalala, huyu ana presha na haijui. Aliwahi kumwambia mteja mmoja kwamba figo zake ni mbovu, na mteja huyo alipokufa, miaka kumi na moja baadaye, kwa ajali ya pikipiki, Profesa alitikisa kichwa na kusema, "Nilimwambia."

Saluni ilikuwa na viti vitatu. Cha kwanza kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha kinyozi mwenzake wa siku nyingi, mtu wa maneno machache mno hivi kwamba wateja walimbandika jina la Kimya, naye akaliitikia bila kulalamika, maana kulalamika kungemlazimu kuongea. Cha tatu kilikuwa cha mtoto wa pekee wa Profesa, kijana wa miaka ishirini na minne. Jina lake halisi lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa. Baba yake alimwita Mrithi tangu hajaota meno, na mtaa mzima ukafuata.

Saluni ile ilikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa kuliko zote. Kila Jumatatu asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, vinyozi walinyoana wenyewe kwa wenyewe kwa wembe mtupu, si kwa mashine. Unalaza kichwa nyuma, unafumba macho, unamwachia mwenzako shingo yako. Profesa alisema kinyozi ambaye wenzake wanaogopa kumpa shingo hana haki ya kumfunga mteja kitambaa. Na shingo ya Profesa mwenyewe, kila Jumatatu, ilinyolewa na Mrithi.

Hapo ndipo shughuli ilipoanzia. Mrithi alikuwa mpenzi wa klabu. Ijumaa alikwenda, Jumamosi alikwenda, na Jumapili alikwenda kuwaaga aliowaona Jumamosi. Yeye na wenzake walikunywa vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu, wakachanganya na bia, wakaruka mpaka kunakucha, kisha Jumatatu mkono ukafika kazini ukiruka bado. Mara mbili ulitetemeka kwenye koo la baba. Mara ya pili Profesa aliketi, akajifuta povu, na kutangaza mbele ya Kimya, "Mkono huu ukitetemeka tena shingoni kwangu, kiti hicho nampa wa kupita njia. Sitajali nani nilimzaa."

Jumatatu iliyofuata mkono ulitulia kama ukuta. Wembe ulipita kooni kama unapita kwenye kioo. Profesa alifungua jicho moja, akatabasamu.

"Umeona, Kimya? Maneno yangu yamemwingia."

Kilichokuwa kimemwingia Mrithi kilikuwa kidonge. Kule klabu vijana waliviita breki. Vilikuwa vidonge vya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, vile ambavyo daktari humwandikia mtu aliyefiwa au asiyelala wiki nzima, na humwandikia vichache, kwa muda mfupi, akimwangalia usoni. Pale klabu nani alikuwa na muda wa kuangaliwa usoni? Mtu akishajaza mwili makopo mpaka macho hayafungiki, anameza breki moja anateremka taratibu. Na walikuwa vijana wenye msimamo, usifanye mchezo. Unga hawakuugusa, walisema ni wa wahuni. Sigara waliziogopa kwa sababu zinadhuru mapafu. Hii ilikuwa dawa ya hospitali, imefungwa vizuri, ina karatasi ya maelezo ndani, na ile karatasi waliitumia kufutia meza.

Mrithi alianza na nusu, usiku wa Jumapili, ili Jumatatu mkono usimtie aibu. Baadaye nusu ikawa nzima. Nzima ikaomba mwenzake. Kufikia mwaka wa pili alikuwa hamezi breki kwa ajili ya klabu wala kwa ajili ya Jumatatu. Alimeza asubuhi ili aweze kushika mswaki. Klabu yenyewe alikuwa anakwenda kwa mazoea tu, anakaa kwenye kochi la kona, wenzake wanacheza yeye anasinzia.

Kuvipata hakukuwa kazi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la dawa, na mwenye duka alikuwa mteja wa Profesa wa kila Ijumaa. Mbele ya kaunta yake palibandikwa tangazo kubwa la kukataza kuuza dawa hizo bila cheti cha daktari. Mlango wa nyuma haukuwa na tangazo.

Na Profesa, msoma vichwa? Profesa alifurahi. Mwanawe alikuwa ameacha kubishana. Akiambiwa neno anaitikia "sawa, baba" kwa sauti ya chini. Hapigi tena muziki kwa fujo, haropoki, hakimbilii simu. Akirudi nyumbani anakula kidogo, analala.

"Mrithi ametulia," aliwaambia wateja, akijipiga kifua kwa mkono wenye brashi mpaka povu likawarukia. "Mnaniuliza siri? Siri ni msimamo. Mtoto anataka neno moja, analipata mara moja, basi."

Wateja walioondoka kwenye kiti cha tatu walikuwa na maoni mengine, lakini hawakuulizwa. Mmoja alifika nyumbani ndipo mkewe akamwonyesha kwamba sharafa za kulia zipo na za kushoto hazipo. Mwingine alipakwa povu, akasubiri, akapakwa povu tena, akanyolewa, kisha akapakwa povu mara ya tatu. Profesa alieleza kuwa huo ni umakini.

Nyumbani, Mama Mrithi alikuwa na wasiwasi wake. "Baba Mrithi, huyu mtoto halali usingizi wa watu. Naingia kumsikiliza kama anapumua."

"Kijana anayefanya kazi anachoka. Ulitaka arudi kutupigia makelele?"

"Jana nimemuuliza kitu kilekile mara mbili, na mara zote mbili amekijibu kama ndiyo kwanza anakisikia."

"Wewe nawe," alisema Profesa, na hilo kwake lilikuwa jibu kamili.

Kimya naye alijaribu. Siku moja, Mrithi alipotoka kwenda chooni, alisogea kiti cha kwanza na kitana mkononi. "Profesa, huyu kijana..."

"Umemwona, eh?" Profesa alimkatiza. "Ametulia! Nilikuwa namwambia mteja hapa, mimi baba yangu alinifundisha..." Akamfundisha Kimya alivyofundishwa na baba yake, kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana. Kimya akarudi kwenye kiti chake. Alijaribu tena mara mbili baada ya hapo, na mara zote mbili alitoka na mafunzo mapya ya malezi, yeye ambaye hakuwa na mtoto.

Ilikuwa Jumatatu mambo yalipofika shingoni, na nasema shingoni kwa maana yake halisi. Profesa alikuwa amelaza kichwa, amefumba macho, anatoa hotuba kuhusu vijana wa siku hizi. Wembe ukapita chini ya sikio. Alihisi kitu cha baridi, halafu cha moto. Akangoja Mrithi aseme samahani. Mrithi aliendelea kunyoa. Damu ilikuwa inateremka kwenye kola, naye ananyoa juu yake taratibu, kama mtu anayepaka rangi ukuta.

"Mrithi," alisema Kimya. "Weka chini wembe."

Mrithi akautazama mkono wake, akaitazama kola, na uso wake haukuonyesha hofu wala aibu. Hilo ndilo lililomtisha Profesa kuliko jeraha. Lilikuwa jeraha dogo, la spiriti na kipande cha pamba. Lakini alikuwa ameuona uso wa mwanawe kwa karibu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na haukuwa na mtu ndani.

Alifungua droo ya kiti cha tatu. Ndani ya kopo la poda ya wateja alikuta pakiti nne za vidonge, mbili zikiwa zimetobolewa nusu.

"Ni nini hivi?"

"Dawa, baba."

"Unaumwa nini?"

Mrithi alifikiri. Ilimchukua muda. "Nisipokunywa, mikono inatetemeka."

"Mikono inatetemeka kwa sababu unakunywa, mpumbavu wewe!"

Profesa alivitoboa vyote, kimoja kimoja, akavitupa kwenye sinki la kuoshea nywele na kufungulia maji. Mrithi alisimama akivitazama vikizunguka na kuzama. Hapo ndipo hofu ilipomrudi usoni, yote kwa pamoja.

"Baba, usivimalize. Nibakizie hata vitatu. Niache kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo!" Profesa alicheka kicheko kibaya. "Nywele zikiwa na chawa, unanyoa kidogo kidogo? Unapitisha wembe mara moja, kichwa kinang'aa, mchezo umekwisha. Siku tatu, utanishukuru."

Hiyo ndiyo tiba aliyoibuni, na kwa kuwa aliibuni mwenyewe hakuona haja ya kumuuliza mtu. Alimfungia Mrithi ndani jioni, akamtoa asubuhi na kumleta kazini mkono kwa mkono. Jumanne kijana alitoka jasho mpaka shati likalowa, na taa ya saluni ikamuumiza macho. Jumatano aliruka kila mashine ya kunyolea ilipowashwa. Alikuwa hajafumba jicho tangu Jumatatu. Alisema anasikia vitu vinatembea chini ya ngozi. Mama yake alilia akitaka wampeleke hospitali, na Profesa akamwambia kwamba huo ni uchafu unatoka, aache utoke.

Jumatano hiyohiyo mwenye duka la dawa alikuja kunyoa, siku mbili kabla ya siku yake. Labda alikuwa ameona mteja wake wa mlango wa nyuma hatokei. Profesa alimfunga kitambaa na kumsimulia habari ya kijana mmoja, hakutaja nani, ambaye baba yake amemwachisha vidonge mara moja.

"Mara moja?" aliuliza mwenye duka. Mtu yule alikuwa amesomea dawa. Alijua kinachoweza kumpata anayekatishwa vidonge vile ghafla. Alijua pia kwamba akilisema, swali litakalofuata ni nani alikuwa anaviuza. Akamtazama Mrithi kwenye kioo, anavyotetemeka. Kisha akafunga macho. "Baba mwenye msimamo huyo," alisema. "Nipunguzie kidogo hapa juu ya mdomo."

Alhamisi Profesa aliamka na fikra kwamba tiba imekamilika. Siku tatu si zimefika? Saa nne asubuhi, saluni ikiwa na wateja watano wanaongoja, alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya siku isiyo Jumatatu. Aliketi kwenye kiti cha tatu, akajipaka povu mwenyewe, akalaza kichwa.

"Mrithi! Njoo uwaonyeshe watu mkono wa mtu mzima."

"Baba, sijisikii vizuri."

"Kazi itakuweka sawa. Shika wembe."

Kimya alizima mashine yake. Mrithi alishika wembe, akanyoa shavu moja, na yaani, ukitaka kumsifu, alilinyoa vizuri, kwa mikono miwili, mmoja ukiushika mwingine. Alipofika shingoni alisimama. Midomo ilikuwa inamcheza. Profesa alifungua jicho na kumwona mwanawe anautazama wembe, anatazama koo lake, kisha anafanya kitu cha ajabu: anageuka na kuurusha wembe kwa nguvu zake zote, ukagonga ukuta wa mbali na kuanguka nyuma ya pipa la nywele.

"Toka, baba," alisema, na akaanguka.

Mwili ulikakamaa, halafu ukaanza kupigapiga sakafu. Meno yalisagana. Mteja mmoja alipiga kelele waletewe kijiko wamtie mdomoni, mwingine alitaka maji amwagiwe. Kimya, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, aliwafokea wote wasimguse mdomo, akavuta viti kando, akasukuma taulo tatu chini ya kichwa cha kijana na kumlaza ubavu alipolegea. Profesa alikuwa amepiga magoti, shavu moja safi na jingine jeupe kwa povu, anasema, "Mrithi. Mrithi. Mrithi." Miaka thelathini na minne ya maneno, yakabaki lile moja.

Hospitalini daktari alikuwa binti mwenye umri mdogo kuliko kola za mashati ya Profesa.

"Amekunywa nini, mzee?"

"Hajanywa kitu! Nimemwachisha mwenyewe." Hata hapo, hata katika hali ile, kulikuwa na punje ya majivuno kwenye sauti yake.

"Umemwachisha nini? Lini?"

Alieleza. Daktari aliacha kuandika.

"Kwa hiyo alikuwa anakunywa kila siku, na Jumatatu ukakata vyote?"

"Vyote."

"Mzee, mwili uliozoea vidonge hivi haukatwi ghafla. Huko kukata ndiko kulikomwangusha. Angeweza kufa pale sakafuni. Tutamrudishia dawa, tupunguze kidogo kidogo kwa wiki nyingi, pengine miezi." Alichukua kalamu tena. "Alianza lini?"

Profesa alifungua kinywa.

"Kwa siku alikuwa anakunywa vingapi? Analala saa ngapi? Amewahi kuanguka kabla ya leo?"

Alikifunga. Ni Kimya aliyejibu, akiwa amesimama mlangoni na vipande vya nywele bado mabegani. Alianza yapata miaka miwili iliyopita, ile wiki aliyotishiwa kunyang'anywa kiti. Sasa ni vinne, siku nyingine vitano, na anauziwa mlango wa nyuma wa duka la ng'ambo. Hajawahi kuanguka, ila mwezi uliopita alilala chooni saa nzima.

Profesa alimgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuja mara tatu, Profesa. Ulikuwa unaongea."

Hakulisema kwa ubaya. Lingekuwa la ubaya, Profesa angelijibu. Aliketi kwenye benchi la korido, akajishika shavu, na kukuta povu limekaukia hapo. Akaanza kulibandua kwa kucha, vipande vidogo vidogo, na machozi yakamsaidia kulilainisha. Aliumia. Ilikuwa haki yake kuumia.

Siku ya tano waliruhusiwa, na cheti chenye mpango wa wiki kumi na nne. Profesa alikwenda nacho duka la ng'ambo, mlango wa mbele. Mwenye duka alivaa miwani. Alikisoma cheti mstari kwa mstari, akakigeuza nyuma, akakagua mhuri kwenye mwanga.

"Samahani, Profesa. Dawa hizi ni za hatari, lazima tuwe waangalifu."

Siku zote Profesa alijua la kusema, na safari hii hasa alikuwa nalo, tena kubwa. Lakini alimwona Kimya kupitia dirishani, amesimama barabarani na yule daktari binti na mtu mmoja mwenye kitambulisho shingoni, mkaguzi wa maduka ya dawa, wanaelekezana mlango wa nyuma. Akachukua dawa zake na kuwapisha.

Nyumbani Mrithi alikuwa amejilaza, amekonda, macho yamerudi na mtu ndani yake, mtu mwenye hofu nyingi. Mama yake alileta maji. Profesa akampa kidonge kimoja kama kilivyoandikwa, akaiweka pakiti mfukoni mwa shati lake na kufunga kifungo.

"Wiki kumi na nne," alisema Mrithi.

"Kumi na nne."

"Baba, nisipoweza je?"

Profesa alivuta pumzi. Mama Mrithi, aliyekuwa ameshika bilauri, alikaa tayari kusikia, maana mumewe kwa swali kama hilo alikuwa na hotuba ya saa nzima. Ilimfika mpaka kwenye ulimi. Akaimeza.

"Sijui," alisema. Lilimtoka kwa shida, kwa kuwa hakuwa amelizoea. "Sijui, mwanangu."

Mrithi alimtazama, akasogea ukutani, akampa nafasi ya kukaa.